Boksi Lifunguliwe Brussels

Wanamuziki wa Bujumbura wakianza kuzungumza juu ya vyombo vilivyonunuliwa mtandaoni, mshitakiwa huwa ni yule yule: muuzaji. Gitaa limefika shingo imekatika, kinanda kimefika vibonyezo vitatu vimelala havirudi juu, spika inakoroma hata kabla sauti haijapandishwa, na hukumu inatoka papo hapo kwamba mzungu katapeli. Huenda ni kweli. Lakini kati ya siku muuzaji alipofunga boksi lake na siku lilipofunguliwa Kinama au Kanyosha, chombo hicho kimebebwa na dereva wa kampuni ya vifurushi, kimelala sebuleni kwa ndugu, kimesukumwa ndani ya kontena pamoja na majokofu na matairi, kimevuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha kikapanda lori la kupitia mpaka wa Kobero, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, au kikaletwa na reli hadi Kigoma na kumaliziwa kwa meli ya ziwani. Mkono wowote kati ya hiyo ungeweza kukivunja. Anayemtuhumu mmoja bila kuweza kuonyesha kwa nini si mwingine, hasira anayo, kesi hana.

Ninatetea mambo mawili, na moja halisimami bila jingine. Kwanza, kwa mnunuzi wa Bujumbura, mzozo wa chombo kilichovunjika unaamuliwa kwenye anwani ya kwanza ya boksi huko Ulaya. Kwa hiyo boksi lifunguliwe na chombo kijaribiwe hapo hapo, kabla kontena halijafungwa. Pili, kinachofaa kudaiwa pale ni kupunguziwa bei. Kurudisha chombo na kurejeshewa fedha zote kuachwe kwa vile vilivyofika havifufuki tena. Yote mawili yanakwenda kinyume na desturi yetu, ambayo ni kuacha boksi lije lilivyofungwa kwa kuogopa kuharibu ufungashaji, halafu ama kudai kila kitu ama kunyamaza kabisa.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayotubana zaidi bila sisi kuiona. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji yanasema kwamba mfanyabiashara akimtumia mlaji bidhaa, hatari ya kupotea au kuharibika inabaki kwa mfanyabiashara mpaka mlaji mwenyewe, au mtu aliyemteua, aipokee mkononi. Sheria ya Uingereza ya 2015 inasema vivyo hivyo. Ni kinga nzuri sana, ila tujiulize aliyeteuliwa ni nani. Ni binamu wa Ixelles au dada wa Anderlecht, huko Brussels, ambaye anwani yake ndiyo iliyoandikwa kwenye oda. Saini yake kwenye kifaa cha dereva ndiyo mpaka wa dhima ya muuzaji. Yanayotokea baada ya hapo, iwe ni kontena kuinamishwa bandarini Antwerp au lori kuruka shimo, hayamhusu tena. Masoko ya mtandaoni nayo yana mpaka huo huo: sera ya eBay ya kumrudishia mnunuzi fedha inasema wazi kwamba haifuati bidhaa iliyopelekwa anwani nyingine baada ya kufikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo picha ya gitaa lililovunjika iliyopigwa Bujumbura, hata iwe kali namna gani, kwa yule anayeamua malalamiko haithibitishi chochote dhidi ya muuzaji.

Halafu kuna saa, ambayo inakimbia huku sisi tukisubiri. PayPal hutoa siku 180 tangu malipo kufungua malalamiko. eBay hutoa siku 30 tangu bidhaa ifike. Kontena la mizigo ya mchanganyiko haliondoki mpaka lijae, na kujaa kwake kunategemea nani mwingine ana friji la kutuma mwezi huo. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli ziache njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka kwa majuma. Jumlisha kusubiri Antwerp, bahari, bandari ya Dar es Salaam, barabara na forodha, utaona kwamba siku 30 zimekwisha kitambo na hata zile 180 zimeliwa sehemu kubwa. Anayefungua boksi kwa mara ya kwanza Bujumbura anafungua pia mlango wa mahakama iliyokwisha kufungwa.

Kinga niliyoitaja, tena, ni ya mlaji dhidi ya mfanyabiashara. Vyombo vingi tunavyovitamani havitoki kwa wafanyabiashara. Vinatoka kwa mtu binafsi aliyetangaza kwenye tovuti kama 2ememain, kijana aliyeacha bendi au mzee anayehama nyumba. Huyo hafungwi na haki ya kubatilisha ununuzi ndani ya siku 14, wala na dhamana ya kisheria ambayo hata duka la vyombo vilivyotumika katika Umoja wa Ulaya haliruhusiwi kuipunguza chini ya mwaka mmoja. Tofauti ya bei kati ya duka na mtu binafsi, ambayo wengi wetu tunaiona kama faida ya mwenye duka, kwa kiasi kikubwa ni bei ya dhamana hiyo. Kwa kanisa linalonunua kinanda kwa sadaka za watu mia mbili, sioni kwa nini isilipwe.

Kwa mtu binafsi, mizani inarudi kwenye sheria za zamani. Kanuni ya kiraia ya Ufaransa ya 1804, ambayo Ubelgiji uliirithi, na ambayo kwa kiasi kikubwa ilimwagwa katika amri ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888 iliyotumika Kongo na baadaye Ruanda-Urundi, ilisema mali maalumu ikishauzwa ni ya mnunuzi, na hatari za njiani ni zake pia. Msomaji akiishia hapo atakata tamaa. Lakini kanuni hiyo hiyo ilimtaka muuzaji aitunze mali kama mzazi mwangalifu mpaka atakapoikabidhi, na hapo ndipo ufungashaji unapoingia. Aliyelitumbukiza gitaa la kilo nne ndani ya boksi la televisheni na kulizungushia gazeti hakulitunza. Dereva anaweza kuwa ndiye aliyelidondosha, lakini vifurushi hudondoshwa, kila anayetuma anajua, na boksi hutengenezwa kwa kutarajia jambo hilo. Kwangu mimi anayeuza chombo kwa mbali ameuza vitu viwili kwa bei moja: chombo jinsi kilivyoelezwa, na uwezo wa kukifikisha hivyo hivyo.

Hapo hutokea pingamizi linalosemwa mara nyingi kuliko yote, tena na sisi wenyewe: ukinunua kilichotumika usilalamike. Pingamizi hili linachanganya umri na ajali. Tangazo lililosema gitaa ni la zamani, lina mikwaruzo mgongoni na kitufe kimoja cha sauti kinachakaa, limeshusha bei kwa sababu ya mikwaruzo na kitufe. Halikushusha hata senti kwa sababu ya ufa kwenye shingo, kwa kuwa ufa haukuwepo. Mnunuzi ameshalipia uzee kwa kukubali chombo chenye dosari; kumlipisha na ajali ni kumtoza mara mbili. Wala si fikra ya kisasa iliyoletwa na masoko ya mtandaoni. Katika Roma ya kale, mahakimu wa masoko waliwapa wanunuzi wa watumwa na mifugo, vitu ambavyo havijawahi kuwa vipya, njia mbili za kudai: kurudisha na kurejeshewa bei, au kubaki nacho na kurejeshewa sehemu ya bei. Kanuni ya 1804 iliziweka zote mbili kwa kasoro zilizofichika na kumwachia mnunuzi achague. Wasomaji Waislamu wa Buyenzi watakumbuka kwamba fikihi ya Kishafii nayo ina khiyari ya aibu: msingi wake ni kurudisha, lakini pale kurudisha kunaposhindikana, mnunuzi hupewa arshi, yaani tofauti kati ya thamani ya kitu kizima na chenye kasoro, kwa uwiano wa bei aliyolipa.

Kurudisha kunaposhindikana: hiyo ndiyo hali ya Bujumbura kwa maneno machache. Nauli ya kulirudisha boksi la kilo 10 Ulaya kwa ndege inaweza kumeza bei ya chombo chenyewe, na muuzaji aliyekwisha kuona jina la mji hatakubali kuilipa. Haki ya kurudisha, kwa mtu aliye pwani ya Ziwa Tanganyika, ni haki ya kwenye karatasi. Hata kwa ndugu wa Brussels si rahisi hivyo: alipata nafasi ya kontena kwa tarehe fulani, ana zamu za kazi, na harusi ambayo gitaa lilihitajika haitasogezwa mbele. Kupunguziwa bei hakuhitaji boksi lisafiri tena. Tuseme gitaa zima la aina hiyo linauzwa kwa euro 600 sokoni, lililovunjika kichwa linauzwa 400, na mnunuzi alilipata kwa 450. Thamani imepungua kwa theluthi moja. Theluthi ya 450 ni 150. Ukimwandikia muuzaji hesabu hiyo kwa adabu, na matangazo mawili matatu ya bei kama ushahidi, hoja yako ina nguvu kuliko barua kumi za kumwita mwizi. Atakayejibu kwamba kuliunganisha kunagharimu euro 40 tu ajibiwe kwamba gitaa lililounganishwa shingo, hata na fundi hodari, halitauzwa tena kwa bei ya zima. Gharama ya ukarabati ni sehemu ya hasara, na mara nyingi si sehemu kubwa.

Ili hesabu hiyo isimame lazima ijulikane chombo kimevunjikaje, na kwa bahati nzuri mivunjiko husema. Chukua gitaa la Gibson la aina ya Les Paul. Kichwa chake kimeinamishwa nyuma kwa digrii 17 hivi, shingo ni ya mhogani, na pale nyuma ya daraja dogo la juu mbao imechongwa ndani kupisha fimbo ya chuma ya kurekebishia shingo. Hapo ndipo palipo pembamba, na mishipa ya mbao inakatiza kwa mshazari badala ya kufuata urefu. Nyuzi zilizokazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40. Likianguka chali ndani ya kasha lake, kiwiliwili kinasimama ghafla lakini kichwa chenye vyuma vya kukazia nyuzi kinaendelea kwenda, na shingo inakatika bila boksi kupata hata mkwaruzo. Kwa hiyo boksi safi lenye gitaa lililokatika kichwa halimwondolei muuzaji lawama, bali linamwelekea: nyuzi hazikulegezwa, shingo haikuwekewa mto chini yake, kichwa kiliachwa kikining'inia. Magitaa ya Fender, yenye kichwa kilichonyooka na shingo ya mbao ya maple, hukatika kwa nadra zaidi. Likifika limekatika, tafuta tundu kwenye boksi, maana limepigwa kwa nguvu, na hapo macho yageukie kwa msafirishaji.

Spika ina ujanja wake. Sumaku ya spika nzito hushikiliwa kwa gundi, na pigo moja la ubavuni laweza kuisogeza kidogo tu, kiasi cha kuibana koili iliyo ndani yake. Kwa nje hakuna kinachoonekana. Ukiisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili na kusikia mkwaruzo, au ikagoma kabisa kwenda, basi imekwisha. Jaribio hilo halihitaji umeme wala ujuzi wa muziki. Katika amplifaya za taa za kioo, transfoma ndiyo mzigo mkubwa. Boksi likidondoka, transfoma inalipinda bati lililoibeba, na taa zinapasuka au zinachomoka. Vinanda navyo hufa kwa kuteleza: kinanda kirefu ndani ya boksi lenye nafasi ya kiganja kila upande hugonga vibonyezo vyake vyenyewe ukutani, na bawaba za plastiki zinakatika moja baada ya nyingine. Kuna hata kisa cha clarinet, ambayo mara nyingi ni mpingo uliokatwa kusini mwa Tanzania, ukachongwa Ulaya, ukarudi Afrika mkononi mwa mnunuzi wa tatu: mpingo huo unaweza kupasuka bila kuguswa na mtu, kwa kutolewa kwenye chumba kikavu chenye joto la mashine na kutiwa katika unyevu wa kontena. Hapo hakuna wa kulaumiwa ila hali ya hewa, na anayedai fidia anajisumbua.

Kuna uharibifu mwingine ambao tunausingizia safari na hauna uhusiano nayo. Umeme wetu ni volti 220. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kinataka 120, na cha Japani 100. Vile vinavyotumia adapta za kisasa zilizoandikwa 100 hadi 240 havina shida. Lakini amplifaya au mixa yenye transfoma ya kizamani ikichomekwa moja kwa moja ukutani Nyakabiga, bahati njema ni fyuzi kukatika, bahati mbaya ni moshi. Chombo kilifika kizima, kikafia hapa. Kumwandikia muuzaji wa Chicago kwamba alituma kibovu ni kumwonea, na ni kujiharibia jina kwa siku utakayokuwa na dai la kweli. Lebo ya nyuma isomwe kabla ya waya kuguswa. Na ikiwa chombo kilipita Brussels, kijaribiwe huko, kwenye volti 230 ambazo karibu ni sawa na zetu, ili jibu lipatikane mapema.

Sasa pingamizi zito kuliko yote. Ndugu wa Brussels si karani wa forodha. Anafanya kazi usiku, anapokea vifurushi vya familia nzima, hajui gitaa linavyosikilizwa, na tunataka awe mkaguzi, mpiga picha na mwanasheria. Ni kweli, na sidhani tunapaswa kuendelea kumwomba kwa bure. Lakini tuangalie kinachohitajika hasa: picha za boksi pande zote sita kabla ya kisu kugusa gundi, video moja isiyokatwa wakati linafunguliwa, shingo ya gitaa au koni ya spika kuangaliwa, kinanda kuwashwa na kila kibonyezo kubonyezwa mara moja huku simu ikirekodi na fundi wa Bujumbura akitazama upande wa pili. Ni kazi ya nusu saa. Euro 20 zilizotengwa kwenye bajeti kwa ajili yake, au kwa kijana yeyote wa Matonge ya Brussels anayejua kupiga kinanda, ni bima nafuu. Na boksi lisitupwe. Kampuni za vifurushi huomba kuona ufungashaji wenyewe kabla ya kulipa, na anayelitupa huwa ametupa nusu ya ushahidi wake. Kulifunga upya baada ya ukaguzi, likiwa ndani ya boksi la pili lenye nafasi ya kujaza sponji pande zote, ndiyo tiba pia ya ule woga wa kuharibu ufungashaji wa mwanzo, ambao kwa kawaida haukuandaliwa kwa ajili ya safari ya kufika kwetu.

Wauzaji nao wana lao la kusema, na si uzushi. Wapo wanunuzi wanaopokea chombo kizima na kudai kasoro ili wapunguziwe. Njia ya kupunguziwa bei inawavutia zaidi hao kuliko ya kurudisha, kwa sababu chombo kinabaki nao. Sina jibu la kuwamaliza. Ninachoona ni kwamba ukaguzi wa anwani ya kwanza unamlinda muuzaji mwaminifu kuliko unavyomdhuru: malalamiko yanamfikia siku ile ile, na video, boksi bado lipo, chombo bado kipo kilomita chache kutoka kwake, na akitaka anaweza kukifuata akione kwa macho yake. Yale yanayomfikia baada ya miezi minne kutoka Bujumbura ndiyo ana kila sababu ya kuyatilia shaka, na ningekuwa muuzaji ningeyatilia shaka pia.

Baada ya anwani ya kwanza dhima inahamia kwa msafirishaji, na hapa hali ni ngumu zaidi. Kanuni za Hamburg za 1978 kuhusu usafirishaji wa baharini, ambazo Tanzania ni mwanachama na Burundi ilijiunga mwaka 1998, zinaweka kikomo cha fidia cha SDR 835 kwa kifurushi au 2.5 kwa kilo, kile kilicho kikubwa. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja hucheza kwenye dola 1.3 hadi 1.4. Zinataka taarifa ya maandishi siku ya kazi inayofuata kwa uharibifu unaoonekana, na ndani ya siku 15 kwa usioonekana. Kwenye karatasi, SDR 835 zinatosha magitaa mengi. Lakini vifurushi visipoorodheshwa kwenye hati ya shehena, kontena zima linahesabiwa kifurushi kimoja, na wenye majokofu, matairi na magitaa wote wanagombania kikomo hicho. Mawakala wanaokusanya mizigo ya Warundi huko Ubelgiji huandika tu "vitu vya nyumbani vilivyotumika". Mteja anayetoa nauli ya kontena ana haki ya kuomba kitu kidogo: risiti yenye maelezo ya kifurushi chake, hali yake siku kilipopokelewa, na kutajwa kwake kwenye orodha. Wakala anayekataa kuandika hivyo ameshamwambia mteja mapema atakavyojibiwa siku ya siku.

Kwa ndege, hesabu inapinduka kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, kwa viwango vilivyoanza tarehe 28 Desemba 2024, shehena hulipwa hadi SDR 26 kwa kilo. Gitaa lenye kasha na boksi, kilo 10, lina kikomo cha 260, takriban dola 350. Gitaa lile lile likija kama mzigo wa abiria aliyeshuka nalo, kikomo ni SDR 1,519 kwa abiria, bila kujali uzito. Kumpa chombo cha thamani mtu anayesafiri, na kumlipia mzigo wa ziada, kwa hiyo ni ulinzi bora kuliko kukituma kama shehena, mradi malalamiko ya maandishi yatolewe ndani ya siku saba kwa mizigo ya abiria; kwa shehena ni siku 14. Kupokea bila kulalamika huchukuliwa kwamba mzigo ulikuwa mzima. Mwanamuziki wa Kanada Dave Carroll alijifunza hivyo mwaka 2008, gitaa lake la Taylor lilipovunjika katika safari ya United Airlines. Ukarabati ulimgharimu dola 1,200. Kampuni ilimkatalia kwa hoja kwamba hakudai ndani ya saa 24 ilizoziweka yenyewe. Mzozo haukuwa juu ya kama gitaa limevunjika. Wimbo wake wa Julai 2009 ulitazamwa na mamilioni na kuiaibisha kampuni dunia nzima. Mwanamuziki wa Bujumbura hapaswi kutegemea njia hiyo.

Limebaki suala la fedha zenyewe, na ndilo linaloniondolea shaka yoyote juu ya wapi boksi lifunguliwe. Muuzaji akikubali kurudisha euro 150, zinarudi kwenye kadi ya ndugu, kwa euro. Kuzileta Burundi kunazigeuza faranga, na hapo mweka hazina wa kwaya anakutana na viwango viwili, cha benki na cha mtaani, ambavyo vimeachana sana kwa miaka, hata baada ya Benki Kuu kuishusha faranga kwa kiasi kikubwa Mei 2023. Kamati nzima inaweza kugombana juu ya kiwango kilichotumika na kusahau gitaa. Lakini fedha hizo zikipatikana kabla kontena halijaondoka, hazina haja ya kuvuka mpaka. Fundi aliyetazama video akiwa Bujumbura anajua tayari kinachohitajika: vipande vya mpira vya chini ya vibonyezo, kitufe cha sauti, soketi ya waya, koni ya inchi kumi. Vitu hivyo hapa hutolewa kwenye vinanda vilivyokufa, navyo huja na uchakavu wao. Huko vinauzwa vipya, kwa euro chache, na vinaenea kwenye mfuko mdogo unaoweza kufungwa kwa gundi ndani ya boksi lile lile, pembeni ya chombo, huku kontena likisubiri friji la mwisho.